Kidole Kilichoshika Filamu

Oulu, 3 Septemba 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua ya juma lililopita yamekwisha, nimebaki na kikohozi cha kujitakia kwa sababu sivai kofia, na najua ungekuwepo ungenisema. Wewe je? Magoti yanasemaje? Viazi umeshavichimba? Usiyainue yale magunia peke yako. Ingawa nikiandika hivi ndiyo kwanza unatoka kwenda kuyainua.

Huku kliniki tumepokea wanafunzi wapya wa udaktari wa meno, na kama kawaida mimi ndiye wa kuwafundisha kupiga picha za eksirei. Juzi nusura nipasuke. Binti mmoja mrefu, mpole, mtu wa Turku, alikuwa na mtoto mdogo kitini. Mtoto analia, filamu inateleza ulimini. Binti akafanya nini? Akaingiza kidole chake mwenyewe mdomoni mwa mtoto, akaibana filamu kwenye jino, akaniambia, "Bonyeza, dada, nimeshaishika!" Nilipiga kelele hadi mtoto akanyamaza.

Nikamwuliza, "Kidole chako kina jino lililooza?" Akasema hapana. "Basi kinapigwa picha ya nini?" Nikawarudisha wote mwanzo wa somo. Filamu inashikwa na kishikizo, na mgonjwa anakiuma kwa meno yake. Mtoto akishindwa kabisa, mzazi wake ndiye atakayeshika, tena avae aproni ya risasi inayozuia mionzi, maana mzazi atashika mara moja, lakini mfanyakazi akianza kushika atashika kila siku mpaka astaafu. Bomba lielekezwe kwenye jino, si dirishani. Kisha tutoke wote nyuma ya ukuta ndipo kitufe kibonyezwe. Na picha ikiharibika, jiulize kwanza imeharibika kwa nini, usirudie kwa kubahatisha huku mtoto wa watu anapigwa mionzi ya bure. Waliandika kila neno, halafu nikasikia wananiita Sajini. Sijui nimerithi kwa nani.

Nisalimie Daktari Tolonen. Bado anakuja kula supu Jumapili? Mwambie wanafunzi wa siku hizi hata kioo cha mdomoni wanakishika kama mwiko. Atafurahi.

Binti yako,
Marketta


Puolanka, 17 Septemba 1995

Mwanangu Marketta,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikiwa hai na mwenye nguvu, viazi vimo ghalani, magunia niliyainua. Vaa kofia. Mwanamke wa makamo anaumwa mafua kwa ajili ya nywele, aibu gani hiyo?

Kuhusu yule binti wa Turku, umemwonea. Sisi tulishika. Nani mwingine angeshika? Umesahau nilifanya kazi na Daktari Tolonen tangu kliniki ya kata ilipofunguliwa hadi nilipostaafu, na miaka ile ya mwanzo watoto waliletwa kwa mkokoteni wa farasi kutoka msituni, hawajaona hata taa ya umeme, sembuse mashine inayonguruma juu ya shavu. Mama zao wamebaki na ng'ombe. Ungewapa kishikizo gani? Hatukuwa nacho. Kulikuwa na kidole cha Hilja. Walikijua. "Hilja atashika?" Hilo ndilo lilikuwa swali lao la kwanza, nami nikisema ndiyo, mdomo unafunguka wenyewe. Daktari anatoka na waya wake wenye kitufe mpaka nyuma ya mlango, anaita, "Tayari?" Namjibu, "Tayari." Sauti ya nyuki kidogo, imekwisha. Vishikizo vilipokuja baadaye, mimi nikaona vinawaumiza watoto ufizi, nikaendelea na kidole changu. Na picha zetu zilitoka safi kuliko za mjini, hata mkaguzi alisema.

Daktari anakuja, ndiyo. Analeta samaki, mimi napika, anakaa pale alipokuwa akikaa baba yako na kulalamika kuhusu serikali. Salamu nimemfikishia. Alicheka kuhusu mwiko.

Usishangae mwandiko. Kidole kina ufa tena na kalamu inanichoma. Nakipaka lami ya msonobari kila Jumamosi nikitoka sauna. Si unajua walivyosema wazee wetu, kisichopona kwa sauna, pombe kali na lami, hicho ni cha kaburini. Pombe sijaijaribu bado, nimeiweka akiba.

Mama yako


Oulu, 20 Septemba 1995

Mama,

Shikamoo. Leo sina habari nyingine. Naomba unijibu haya tu.

Ni kidole kipi? Ni kile ulichoshikia filamu? Huo ufa una muda gani? Unasema "tena": huwa unapona kabisa kisha unarudi, au haujapata kupona? Ukucha ukoje? Una mistari, umekuwa mweusi, unavunjika? Kuna vigaga kama sugu pembeni?

Wakati wa Juhannus, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi, ulikuwa umekifunga kitambaa, ukaniambia umejikata na kisu cha samaki. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako, nikaamini.

Usikipake lami tena. Nenda kituo cha afya kesho. Nimekupigia simu mara mbili, ukasema husikii, ukaweka chini. Najua sikio moja ni bovu, lakini lile jingine ni zima.

Marketta


Puolanka, 8 Oktoba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo. Baridi imeanza, maji ya ndoo yanaganda juu asubuhi, na mwaka huu matunda ya msituni yalikuwa mengi hata nimegawa kwa majirani.

Barua yako ilikuwa na maswali kama ya polisi. Haya, andika basi. Ni kidole cha shahada, mkono wa kulia. Ukucha umekuwa na mistari tangu kabla sijastaafu. Vigaga vipo, navikwangua. Ufa ulikuwa ukija na kuondoka, lakini tangu masika ya mwaka jana haujaondoka. Hauumi sana. Unatoa maji kidogo. Umeridhika?

Sasa nisikilize na wewe. Sikufanya kazi kliniki nikiwa nimefumba macho. Nilikishuku kidole hiki tangu zamani, kabla yako. Kituo cha afya siendi, kwa sababu daktari wa pale ni mkwe wa Tolonen. Nikivua kifuniko cha kidole mbele yake asubuhi, mchana mzee atakuwa amejua. Unajua moyo wake ulivyo tangu amzike mkewe Aune. Mtu yule alikuwa akinikataza kubeba ndoo ya maji nilipokuwa na mimba yako. Ataishi vipi akijua kwamba kila alipoita nyuma ya mlango alikuwa akinifanyia hivi? Atakufa, Marketta, na nitakuwa nimemuua mimi kwa kidole hikihiki.

Mbele yake navaa kifuniko cha ngozi, nasema nimejikata. Hajawahi kuuliza. Na wewe usimwambie. Niahidi.

Mama yako


Oulu, 12 Oktoba 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Sikuwa nimefanya hivyo tangu baba alipofariki.

Nakuahidi sitamwambia Daktari Tolonen. Lakini na wewe nisikilize kama wanavyonisikiliza wale watoto wa chuo, uniite Sajini ukitaka.

Mionzi ile haiumi inapopita, ndiyo maana tukaidharau. Picha moja si kitu. Lakini ngozi ya kidole chako ilipigwa pale pale, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, na kila mara yakabaki madhara kidogo. Ngozi haisahau. Inakaa kimya miaka ishirini, thelathini, halafu inaanza kupasuka. Na huo ufa usiofunga, Mama, nitauita kwa jina lake kwa sababu wewe hupendi watu wanaozungukazunguka: nadhani ni saratani ya ngozi. Ikikatwa mapema, inaondoka na nyama kidogo tu, labda ncha ya kidole. Ikiachwa, inaondoka na kidole. Ikiachwa tena, inapanda mkono, na hapo hakuna wa kuikamata.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hili nalo walisema wazee.

Njoo huku Oulu. Hakuna anayekujua hapa, hakuna mkwe wa mtu. Nitakuja Jumamosi ya juma lijalo kukuchukua na gari.

Binti yako anayekupenda,
Marketta


Puolanka, 15 Oktoba 1995

Marketta,

Marahaba. Usije Jumamosi. Mtu hachukuliwi kwake kama ng'ombe wa mnada.

Sijasema sitakuja. Nimesema si sasa. Mapema Novemba ni Siku ya Watakatifu, nimeahidi kwenda na Tolonen makaburini kuwasha mishumaa, mmoja wa baba yako na mmoja wa Aune. Peke yake hawezi, barafu ile itamwangusha. Baada ya hapo nitakuja. Kimengoja mwaka na zaidi, hakitashindwa kungoja majuma machache.

Asante kwa kusema jina lake wazi. Mimi nilikuwa sijalisema.

Mama


Oulu, 19 Novemba 1995

Mama,

Shikamoo. Nimerudi salama, barabara ilikuwa mbaya kuanzia Puolanka mpaka Utajärvi, nikaendesha taratibu.

Sitaki tuachane kama tulivyoachana jana. Nilikuja bila kuitwa, ni kweli. Ulinipokea na kahawa na mikate ya iliki, ukakaa saa nzima mkono umeuficha chini ya meza, na nilipoomba kuuona ukaniambia nimekuja kukagua au kutembea. Nilipiga meza. Nisamehe kwa hilo, sahani ile nitanunua nyingine.

Siku ya Watakatifu imepita. Sasa umesema baada ya Krismasi, kwa sababu kwaya ya kanisa itakuja kwako na nani atawapikia. Mama, kwaya wana wake zao. Nimepata nafasi kwa daktari wa ngozi tarehe saba Desemba. Nimeandika jina lako. Chonde chonde.

Marketta


Puolanka, 20 Desemba 1995

(kadi ya Krismasi yenye picha ya ndege mwekundu thelujini)

Mwanangu,

Krismasi njema. Samahani kwa ile tarehe saba, basi halikupita kwa ajili ya theluji. Sawa, lilipita, sikulipanda.

Nimekutumia soksi. Mimi mzima, isipokuwa kuna kidonge kwapani, mkono wa kulia, kama njegere. Nadhani ni kubeba kuni. Usianze.

Tolonen anakusalimu. Atakula Krismasi hapa.

Mama


Oulu, 28 Desemba 1995

Mama,

Kadi yako imenifikia leo, imechelewa kwa sababu ya sikukuu. Shikamoo, na soksi zimenienea.

Hiyo njegere si ya kuni. Wewe ulikuwa muuguzi, unajua mkono unapougua tezi za wapi zinavimba.

Nimemwandikia Daktari Tolonen. Nimeandika kila kitu, nimetia barua sandukuni kabla ya kuandika hii, ili nisiweze kubadili nia. Nilikuahidi na nimevunja ahadi. Nikasirikie. Nichukie ukitaka, utakuwa unachukia ukiwa hai. Kama moyo wake utasimama, nitabeba mimi, lakini siwezi kukaa hapa nikiwafundisha watoto wa watu wasiweke vidole vyao kwenye njia ya mionzi huku mama yangu anakufa kwa kidole, kwa heshima, kimyakimya, asije akamkera mgeni wa supu.

Marketta


Oulu, 14 Januari 1996

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Simu inaita tu. Jirani yako Kerttu ameniambia umefunga nyumba, umeondoka na begi, na hukumwambia unakwenda wapi. Nimempigia Tolonen, alisema "Nimemwona mama yako" kisha akaweka simu chini.

Popote ulipo, niandikie hata neno moja.

Marketta


Kajaani, hospitali, 16 Januari 1996

Mwanangu Marketta,

Mimi mzima kwa kiasi changu. Naandika kwa mkono wa kushoto, basi soma polepole kama na mimi ninavyoandika polepole. Muuguzi alitaka nimsomee maneno yeye aandike. Nikamwambia mambo ya nyumbani hayaandikwi na mgeni.

Nilikukasirikia sana. Barua yako niliitupa jikoni kwenye moto, kisha nikaitoa, ikaungua pembeni tu. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana wewe ndiye uliyekianzisha na ni haki yako kujua.

Tolonen alikuja siku ya Jumatano, siyo siku yake. Hakuvua koti. Akasimama mlangoni theluji inamdondoka.

"Hilja, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Kaa, kahawa iko motoni."

"Kidole, Hilja."

Nikajua barua yako imemfikia. Nilisogeza kiti karibu yake, Marketta, niliweka kiti ili akianguka aangukie pale, na vidonge vyake vya moyo nikavitafuta mfukoni mwa koti lake kwa macho. Kisha nikavua kifuniko. Hakuanguka. Hata hakushtuka. Alikitazama kitambo, akainamisha kichwa, na mimi nikaona mtu huyu hatazami kitu kipya.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

"Baridi iliyopita. Ulikuwa unakata mkate, kifuniko kikachomoka."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni baridi imepasua."

"Eino, miaka yote ile umesoma ngozi za vinywa vya watu. Baridi?"

Hapo akakaa, lakini si kwa kuanguka. Akasema, "Sikudhani ni baridi. Niliogopa. Nikisema, utaniuliza, na ukiniuliza nitakujibu, na nikikujibu utanifungia mlango. Nina pahali gani pengine pa kwenda Jumapili?"

Nikamwuliza angenijibu nini. Akaniambia kwamba zamani, mimi nikiwa bado kijana, gazeti la madaktari wa meno lilikuja na picha ya mkono wa daktari mmoja wa nchi nyingine, vidole vimekatwa viwili, na chini yake maonyo: usishike filamu wewe, wala msaidizi wako. Alilisoma. Akajisemea sisi ni kata ndogo, picha chache, na watoto wanamtaka Hilja. Akalikunja. Kesho yake akatoka na waya wake mpaka nyuma ya mlango kama kawaida.

Nimeshindwa hata kumtukana. Matusi ninayo, unanijua, lakini hayakuja. Mimi nilikuwa namficha kidole asife, yeye anajificha asifukuzwe, na kila Jumapili tukapeana chumvi na kuulizana habari za hali ya hewa. Mwaka mzima! Nilimwambia, "Chukua samaki wako uende nao kwako." Akaondoka. Usiku ule sikulala, asubuhi nikapanda basi la Kajaani peke yangu. Sikutaka Oulu. Nilikuwa bado nimekukasirikia.

Wamekikata kidole chote, na kipande cha kiganja. Kwapani wamefungua wakatoa tezi, majibu bado. Nikiamka bado nakisikia, kinawasha pale kisipokuwepo.

Ulivunja ahadi. Ulifanya vyema. Usiizoee.

Njoo Jumamosi. Niletee gauni la kulalia, haya ya hapa yanafunguka nyuma.

Mama yako


Oulu, 10 Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kidonda kinaendelea kukauka na Kerttu anakuletea kuni kama alivyoahidi. Mimi sijambo mwilini. Moyoni sijambo nusu.

Daktari wa hapa Oulu, uliyetumwa kwake kutoka Kajaani, amenipigia simu. Amesema majibu ya tezi umeyasikia kwa utulivu: ugonjwa ulikuwa umefika kwapani, tatu kati ya zile walizotoa zilikuwa nao. Amesema alikueleza kwamba kuna tiba ya mionzi, majuma matano huku Oulu, na bila hiyo ugonjwa utarudi, pengine kabla ya mwaka kuisha. Amesema ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamshukuru, ukavaa koti. Ukasema, "Mimi silali tena katika chumba ambacho wenzangu wote wamekikimbia." Halafu ukaenda kupanda basi. Hukuja hata kwangu, na kituo cha basi kiko karibu na nyumba yangu.

Mama, sitakudanganya kwamba ni kitu kingine. Ni mionzi, jamaa ya ile iliyokuumiza, tena yenye nguvu zaidi. Moto unaounguza ghala ndio huohuo unaopasha sauna. Tofauti ni nani anauchunga. Hawa watapima kabla, watachora alama kwenye ngozi, wataelekeza pale penye ugonjwa na kukinga pengine pote, na kila siku watahesabu umepata kiasi gani. Kidole chako hakuna aliyekipimia. Hakuna aliyehesabu. Hilo ndilo kosa walilokutendea.

Ninaelewa unaogopa nini. Si mashine, ni ule mlango. Umelala, watu wanatoka mmoja mmoja, mlango mzito unafungwa, unabaki wewe na ile sauti. Nimefanya kazi hii miaka yote na sikuwahi kuiwaza kutoka upande wa kitanda.

Basi nimefikiri hivi. Nitaingia nawe. Nitakaa karibu na kichwa chako na nitakushika mkono wa kushoto mpaka mashine izimwe. Najua kanuni, mimi ndiye ninayeifundisha. Sijali. Nimekwisha zungumza na mkuu wa pale, akasema haiwezekani kabisa, nikamwambia tutaona. Wakinizuia nitaingia kwa nguvu, angalau siku ya kwanza. Umeshika watoto wa watu maisha yako yote, na hakuna hata mmoja aliyekushika wewe. Niruhusu nikushike.

Kubali tu, Mama. Nakupigia magoti.

Binti yako,
Marketta


Puolanka, 17 Machi 1996

Mwanangu Marketta,

Marahaba, na zaidi ya marahaba. Theluji imeanza kulainika juani, darini kunadondoka maji mchana kutwa. Kidonda kimefunga. Kuni ninazo. Nakula.

Tolonen huja hata sasa. Hagongi. Anaacha samaki kwenye ngazi, anasimama kidogo, anaondoka. Samaki nawachukua, kwa sababu kumtupa samaki ni dhambi, lakini mlango sijafungua na sijui kama nitafungua. Usiniulize habari hiyo tena. Nimemtumikia mtu yule kwa mwili wangu na akajua, na kila nikifikiri nimemsamehe naona bado. Jumapili ni ndefu sana. Hilo nakwambia wewe tu.

Sasa kuhusu barua yako. Nimeisoma, nikatoka nikazunguka nyumba, nikairudia. Nimelia, na mimi si mtu wa kulia. Halafu nikapata hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu mambo haya yaanze, hata mbele ya Tolonen sikuwa nayo.

Uingie? Ukae karibu na kichwa changu? Umerukwa na akili? Wewe uliyempigia kelele binti wa watu kwa kidole kimoja, sasa unataka kuingiza mwili mzima! Unajua mimi nilianzaje? Nilianza hivihivi. Mtoto alikuwa analia, nikamwonea huruma, nikasema leo tu. Kesho yake akaja mwingine anayelia. Huruma haikingi kitu, Marketta. Laiti ingekuwa inakinga, kidole changu kingekuwepo.

Nimekubali. Nitakuja, nitalala kwenye kitanda chao majuma yote matano, wanichore watakavyo. Ninaogopa, siwezi kukuficha, nikifumba macho nausikia ule mlango. Lakini nina sharti moja, na usipolitimiza nitashuka kitandani na kwenda kituo cha basi hata kama sijavaa viatu.

Siku ya kwanza utanifikisha mpaka chumbani, utanifunika shuka, kisha utatoka na wenzako. Usisimame kwenye kizingiti. Usiurudishe mkono kunishika. Utoke, mlango ufungwe, niusikie umefungwa. Hapo ndipo nitakapotulia, nikijua mtoto wangu yuko upande wa pili wa ukuta.

Mama yako,
Hilja